Fundi Viatu Aliyechagua Timu Yetu

Kabla hajamruhusu mtoto kugusa mpira, alimwambia akae chini na ainue miguu. Mchujo wa timu ya vijana ulianza hivyo kila mwaka, katika uwanja uliokuwa nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda. Watoto arobaini au hamsini wameketi kwenye nyasi mstari mmoja, miguu juu, wanachekana, na yeye anapita mbele yao ameinama, mikono kaiweka mgongoni, anasoma nyayo.

"Huyu anaegemea kulia akikimbia. Huyu kisigino laini, kwao kuna baiskeli. Na wewe una funza watatu, unajua?"

"Wawili, Fundi."

"Watatu. Njoo hapa."

Alitoa sindano yake ya viatu, akaichovya kwenye kichupa cha mafuta ya taa, akamtoa funza wa kwanza, akamtoa wa pili, na wa tatu akamwonyesha mwenyewe kwenye ncha ya sindano. Mstari mzima ukapiga makofi.

"Sasa kimbia," akamwambia, "tujue kama ule uzito ulikuwa wako au wa funza."

Alikuwa fundi viatu. Kibaraza chake kilikuwa karibu na stendi ya mabasi, na mtu yeyote aliyepita Bunda miaka ile na soli iliyoachia alimfahamu. Alikozaliwa sikujua wala sikujali kujua. Wengine walisema Tabora, wengine Ujiji, na yeye mwenyewe akiulizwa alijibu, "Nimetoka sokoni sasa hivi." Tulimwita Fundi, basi. Kamati ya michezo ya tarafa ilimpa kazi ya kuchagua vijana kwa sababu ndiye aliyeshona mpira pekee tuliokuwa nao, na mpira ulikuwa unalala kwake.

Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba, kijana aliyemaliza kidato cha nne Musoma, mwenye kalamu mbili mfukoni na maoni mengi kichwani. Kamati ilinifanya katibu wa timu. Fundi alikuwa amesoma chuo cha Kurani tu. Majina ya watoto aliyaandika kwa herufi za Kiarabu kwenye kidaftari chenye jalada la ngozi aliloshona mwenyewe, halafu akanisomea, nami nikayaandika kwa herufi zetu na kuyapiga taipu ili yapelekwe mkoani. Kwa hiyo neno lake lote, kabla halijafika Musoma, lilipita mkononi mwangu. Lipo jambo nililolifanya kwa mkono huo, nami nitalisema hapa mahali pake.

Mtu huyu aliyeishi kwa viatu hakutaka kuviona uwanjani siku ya mchujo. Kulikuwa na mtoto wa Manyamanyama aliyeitwa Zuberi, baba yake mfanyabiashara wa vitambaa, na alikuja na buti zilizonunuliwa Mwanza, zina njumu sita kila mguu. Wenzake walikuwa wanaziinamia kama wanatazama kisimani.

"Vua," Fundi akamwambia.

"Fundi, lakini wewe si ndiye unayeuza viatu?"

"Ndiyo maana. Nimeshaviona vingi. Leo nataka nikuone wewe."

Zuberi akavua. Hata bila buti alicheza vizuri, na Fundi alisema hivyo kwa sauti, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumnyima mtoto sifa yake.

Baada ya nyayo lilifuata swali. Alimwuliza kila mmoja swali moja tu: "Nani hapa anakuzidi?" Wengi waliangalia chini. Wachache walijibu "Hakuna," na hao aliwatia alama kwenye kidaftari, alama ambayo sikupata kujua kama ni ya kuwapandisha au kuwashusha. Mmoja aliwahi kumjibu, "Kaka yangu, lakini yupo nyumbani anaumwa." Fundi akafunga kidaftari, akapanda baiskeli, akaenda kumtazama kaka mtu kitandani. Mwaka uliofuata kaka huyo ndiye aliyekuwa kipa wetu.

Ikifika alasiri alitandika mkeka nyuma ya ukuta wa kiwanda akaswali. Aliwaacha wacheze bila refa, nami alinikataza kupuliza filimbi. Akirudi aliwauliza nahodha wa kila upande, mmoja mmoja, kwa kuwanong'oneza: "Ngapi kwa ngapi?" Hesabu zikipishana alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku moja nahodha wa upande mmoja alimwambia wamefunga matatu, wa upande wa pili akamwambia na wao wamefunga matatu, na mimi niliyekaa pale muda wote sikuwa nimeona hata moja.

"Mabao sita nimeyakosa kwa kuswali," akasema. "Mungu ananidai nini tena?"

Lakini lililomfanya apendwe mpaka vijiji vya mbali lilikuwa namna alivyowaambia walioshindwa. Hakusoma orodha mbele za watu. Alisema mtoto asisimame katikati ya wenzake akisubiri jina ambalo halipo. Jioni ya mchujo alikaa kwenye jiwe lililokuwa pembeni ya goli, akawaita mmoja mmoja, hata wakiwa thelathini, na kila mmoja akamweleza sababu yake. "Wewe pumzi hujapata bado, rudi mwakani." "Wewe mpira unaujua, ila unagombana na kila mtu, hata na mimi sasa hivi unataka kugombana." Niliwaona watoto wakiondoka pale kwenye jiwe wamekosa nafasi na bado wanatembea kifua mbele. Mara nyingi giza lilikaribia kumkuta pale, mke wake amekwisha kutuma mtu mara mbili kumwita kula.

Wakubwa hakuwaogopa, ila aliwapa adabu yao. Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa alikuja kiongozi mmoja wa tarafa, kijana kama mimi, na suti ya mikono mifupi. Akasema, "Ndugu Fundi, maagizo ni kwamba kila kijiji kitoe wachezaji wawili. Usawa."

"Nimeelewa, Ndugu. Tuna vijiji kumi na viwili. Wa ishirini na nne wote waingie pamoja?"

"Hapana, kumi na mmoja."

"Basi kila kijiji kitatoa mchezaji mmoja kasoro mguu."

Kiongozi alijikaza asicheke, akashindwa. Wakakubaliana kila kijiji kilete wawili kwenye mchujo, na Fundi akaandika kwamba wamekuja, na kweli walikuja, na wengi wakarudi kwao.

Utani aliupenda hata ukimgeukia mwenyewe. Tulikwenda kucheza Butiama, na mashabiki wao wakatupokea pembeni ya uwanja: "Karibuni! Huku ndiko anakotoka Rais. Msifunge goli bila kibali!"

"Tukifunga tutamwandikia barua ya radhi," Fundi akajibu. "Katibu wetu huyu ana mwandiko mzuri sana."

Tulifungwa matatu bila. Kwenye lori la kurudi hakuna aliyesema neno, mpaka tulipokaribia nyumbani yeye akasema polepole, "Ile barua, Katibu, usihangaike nayo." Watoto walicheka lori likayumba.

Sasa nifike kwangu.

Mwaka mmoja ilitangazwa kwamba mkoa utachagua timu ya vijana walio chini ya miaka kumi na saba kutoka timu za tarafa, na kwamba timu zitakutana Musoma. Niliona ndiyo nafasi ya kuleta utaalamu. Nilichora jedwali kwa rula: mbio, shuti, kichwa, chenga, pumzi, kila kitu alama kumi. Jumamosi mbili nilizunguka uwanjani nikitoa alama. Zuberi alipata arobaini na moja kati ya hamsini. Jumamosi ya tatu wazazi wengi wamekuja, nikasimama nikasoma alama zote kwa sauti, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Fundi alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema, "Katibu, umewapanga kama pamba. Safi huku, fifi huku."

Wote waliokuwa pale walikuwa wakulima wa pamba. Fifi ni ile chafu, yenye majani na mabaki, inayotupwa kwenye fungu la bei ya chini. Kicheko kilichopigwa pale nadhani kilifika stendi. Mama mmoja akauliza, "Na Katibu mwenyewe tukimpima shuti, yeye ni fungu gani?" Kufika jioni nilikuwa Katibu Fifi. Wiki nzima watoto wa shule walikuwa wakipita dirishani pangu kazini wanaita, "Katibu Fifi, shikamoo!" wanakimbia.

Fundi alikuja kuniambia alitania tu. Nikamwambia hakuna neno. Lilikuwapo neno.

Katika jedwali langu mtoto mmoja alipata kumi na tisa. Aliitwa Magesa, mtoto wa mfugaji wa Nyamuswa. Shuti lake lilikwenda popote lilipotaka, na mpira wa kichwa aliukwepa. Huyo ndiye Fundi aliyemwandika wa kwanza.

"Fundi, kwa lipi?" nilimwuliza.

"Umeitazama shingo yake? Haitulii. Anageuka huku, anageuka kule, anajua kila mtu yuko wapi. Alikuwaga anachunga ng'ombe sitini peke yake, hakupotezaga hata ndama. Shuti nitamfundisha kwa wiki mbili. Hiyo shingo hata mimi sina."

Swali la nani anakuzidi Magesa alilijibu vizuri kuliko wote niliowasikia. Alimnyooshea Zuberi kidole. "Yule. Lakini akichoka, mimi." Na ilikuwa kweli. Zuberi alikuwa moto wa dakika ishirini. Fundi akamweka wa akiba.

Kumpata Magesa haikuwa kazi ndogo. Baba yake hakutaka. Fundi aliendesha baiskeli mpaka Nyamuswa, akakaa na mzee yule zizini nusu siku, na mapatano yao yakajulikana kote. Mtoto angeachwa aende Musoma. Mkoa ukimchagua, angekaa Bunda nyumbani kwa Fundi amalize darasa la saba. Usipomchagua, anarudi kwenye ng'ombe na habari ya shule imekwisha. "Musoma atafika na atacheza," Fundi alimwambia. "Hilo nakuahidi mimi. Nikiwa nimekudanganya, usinipe mtoto tena, na uwaambie jirani zako."

Aliponisomea orodha kwenye kidaftari chake tulifika kwa Magesa.

"Umri?"

"Kumi na tano. Mama yake ndivyo anavyosema."

"Huyu si ametahiriwa misimu miwili iliyopita? Kwao si ndio anakuwa mtu mzima, anakaa na wanaume?"

"Walipelekwa pamoja na kaka yake ili sherehe iwe moja. Yeye alikuwa mdogo kuliko wote. Andika kumi na tano."

Nikaandika kumi na tano kwa penseli. Kesho yake nikakaa kazini mbele ya mashine ya taipu. Mimi ni mtu wa ukingo wa ziwa, desturi yao ile sikuijua vizuri, na kwa muda mrefu nilisingizia hilo. Nilijiambia kwamba aliyetahiriwa hawezi kuwa na miaka kumi na tano, kwamba kanuni ni kanuni, kwamba Fundi amedanganywa na mama. Lakini Fundi alikuwa amekwisha kunieleza, na kama nilikuwa na shaka, Nyamuswa haikuwa mbali na baiskeli ilikuwapo. Ukweli ni kwamba dirishani ilipita sauti, "Katibu Fifi!" na mimi nikabonyeza nane mahali pa tano. Nilijua mkoa utamkata na Zuberi, mtoto wa jedwali langu, atapanda. Nikatia muhuri, nikampa kondakta wa basi la Musoma.

Lori la mkoa lilikuja asubuhi. Afisa michezo akasimama nyuma ya lori na karatasi, akaita majina, na kila aliyeitwa alipanda. Magesa alikuwa amesimama mbele kabisa, amevaa shati la kaka yake, kafungasha vitu vyake kwenye kanga ya mama yake. Majina yakaisha.

"Umeruka mmoja," Fundi akasema.

"Sijaruka, mzee."

"Magesa, wa Nyamuswa."

"Huyo umri umezidi. Tazama mwenyewe, kumi na nane."

Akampa karatasi, ile ile niliyoipiga taipu na kuitia muhuri. Fundi aliitazama muda mrefu. Kisha aliinua macho akanitazama mimi. Nilimhesabia kwamba hasomi herufi zetu, nikasema, "Labda mkoani wamechunguza, Fundi."

Alikwenda kwa Magesa akachuchumaa mbele yake, ingawa mtoto alikuwa mrefu karibu kumpita.

"Nimekosea mimi, mwanangu. Nilitakiwa nikwambie mapema, peke yetu, na sikukwambia."

"Fundi, mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

Mimi nilipanda lori. Nyuma yetu nilimwona Fundi anamweka Magesa kwenye keria ya baiskeli, kanga ile kwenye usukani, wanaanza kukanyaga kwenda Nyamuswa. Habari za huko nilizipata baadaye kwa baba mtu mwenyewe, aliyekuja kuuza pamba na kuzisimulia kama kichekesho. "Mswahili wenu wa Bunda kaja kwangu jasho linamtoka, ananiomba radhi mimi kwa mtoto wangu mimi! Nikamwambia kaa kwanza unywe maziwa. Kanywa. Halafu nikamwambia mtoto nenda kafungue ng'ombe." Akacheka, na waliokuwa kwenye foleni ya mizani wakacheka. Kisha akasema, bila kucheka, "Lakini mtoto wangu simpi tena." Na jirani zake vilevile. Miaka mitatu mfululizo mchujo ulifanyika bila mtoto hata mmoja wa Nyamuswa. Fundi alipita mstari wa nyayo na kila mwaka alifika mwisho akauliza, "Ndio wote?" kama kwamba hajui.

Musoma tulifungwa moja bila, na mkoa haukumchukua hata mmoja wetu.

Baada ya mwezi hivi, mama yake Magesa alikuja Bunda. Yeye alikuwa Mkristo, na alikuwa ametafuta kadi ya ubatizo ya mtoto mpaka akaipata kwenye sanduku la dada yake. Fundi akaja naye kazini kwangu.

"Katibu, nisomee hii. Wapi wameandika kuzaliwa?"

Niliisoma kimya. Ilikuwa wazi kama mchana. Magesa alikuwa na miaka kumi na tano na miezi michache. Mama alikuwa ananitazama mdomoni. Ningeweza kuandika barua siku ile ile, mkoa ulikuwa bado unaongeza majina. Badala yake nikasema, "Wino umefutika, mama. Hausomeki vizuri."

Fundi aliipokea kadi, akaipangusa kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi, akamrudishia mama. "Pole, mama Magesa," akasema. Mwaka uliofuata alinisomea majina kama kawaida, nami niliyaandika yote sawasawa mpaka nilipohamishwa.

Watu wakiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, huwa nawapa ya funza na ya barua ya Butiama, na wanacheka, nami nacheka nao. Haya mengine nimeyaandika leo kwa mara ya kwanza.

Nilimwona tena zaidi ya miaka kumi baadaye. Nilikuwa nimerudi kutoka Shinyanga, nikasikia amehamia Musoma kwa binti yake na anashona ndala za tairi sokoni Mwigobero. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, miwani imefungwa kwa uzi, mbele yake kuna watu watatu wamevua ndala moja moja wanasubiri kwa mguu mmoja kama korongo. Upepo wa ziwa ulikuwa unaleta harufu ya dagaa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Katibu." Hakuniangalia mara mbili. "Umenenepa. Kisigino cha kushoto kinalika, unatembea vibaya."

Nilisubiri wale watatu wapewe ndala zao. Kisha nikamwambia kabla sijapoteza ujasiri. "Fundi, ile ya Magesa ni mimi. Hakukuwa na mtu wa mkoa aliyechunguza. Nilipiga taipu nane."

Akakata uzi kwa meno. "Najua."

"Umejuaje? Wewe herufi hizi husomi."

"Herufi sisomi. Lakini viatu vina namba chini, Katibu. Namba tano, namba saba, namba nane. Miaka yote ile ulidhani nazinusa?"

"Basi ulijua pale pale kwenye lori."

"Pale pale. Na kadi nayo niliisoma kabla sijakuletea. Niliileta ili uisome wewe."

"Mbona hukusema?"

"Kwenye lori ningesemaje? Watoto wamepanda, injini inanguruma. Ningekushusha, nani angewaandikia huko? Nikasema huyu atasema mwenyewe. Nikangoja. Nikaleta kadi, nikangoja tena." Alitafuta tundu la sindano. "Halafu kazi zikawa nyingi."

"Nisamehe, Fundi."

"Mimi nilikusamehe zamani, ulikuwa kijana na mimi nilikuchekesha watu. Lakini jina lililokatwa lilikuwa langu?" Alinyoosha kidole kwenye mitumbwi iliyokuwa inashusha. "Magesa siku hizi anauza dagaa. Anazichukua hapa kila Alhamisi, anazipeleka Nyamuswa. Lazima apite kunisalimu. Leo ni Alhamisi. Basi la Bunda linaondoka saa saba, ukitaka kuliwahi."

Akaendelea kushona. Saa saba basi lilipiga honi mara tatu. Nilibaki nimekaa kwenye ndoo aliyonigeuzia.

Magesa alikuja na magunia mawili, moja kichwani na jingine kwapani, mtu mzima mwenye ndevu, shingo ile ile haitulii. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Shikamoo, Katibu!"

"Usinipe shikamoo kwanza," nikamwambia. "Kuna neno."

Nikasimama nikamwambia lote, la taipu, la lori, na la kadi. Alikuwa ameshusha magunia, akabaki ameshika mdomo wa moja kana kwamba litakimbia.

"Kwa hiyo si mkoa."

"Si mkoa, wala si Fundi. Ni mimi."

"Na mama yangu alirudi analia kwamba kadi imefutika."

"Haikufutika."

Fundi alikuwa ameacha kushona. Kisha Magesa akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Nafasi yangu alicheza nani?"

"Zuberi."

"Nasikia mlifungwa moja bila. Hamkupata nafasi hata moja?"

"Tulipata moja, dakika za mwisho. Krosi kutoka kulia, kipa wao ametoka, goli liko wazi. Zuberi alikuwa amechoka, alikuwa nyuma huko. Akautazama ukipita."

"Nichoree."

Nikachuchumaa, nikachora goli mchangani kwa kidole, nikachora kipa, nikachora mpira ulikotoka. Magesa naye akachuchumaa. Hakufikiri hata kidogo. Alichomeka kidole sehemu moja mbele ya goli. "Mimi ningekuwa hapa."

Mpira ulikuwa umepita hapo hapo. Nilikuwapo, niliuona.

"Ndiyo," nikasema. "Ungekuwa hapo. Ungefunga."

"Hata na shuti langu lile?"

"Hata kwa goti," Fundi akasema.

Magesa akaanza kucheka, akacheka mpaka wauza samaki wakageuka, kisha kicheko kikamwisha ghafla, akabaki anaitazama ile michoro. Halafu akasimama, akajipangusa magoti, akaweka gunia moja kichwani na kuvuta la pili katikati yetu.

"Sijakusamehe bado, Katibu," akasema. "Shika upande huo. Basi la Nyamuswa liko mbali, utanieleza vizuri njiani."

Nikashika upande huo. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.